Taa ya Uzi wa Sweta

Juzi, katika soko la nguo kuukuu la mji ambao nilikuwa nimefika kwa kupita tu, nilimkuta mwanamke ameketi juu ya gunia akifumua sweta la kijani. Mkono mmoja ulikuwa umekwisha. Uzi uliotoka haukunyooka. Ulikuja na mawimbi madogo madogo, kila wimbi mahali palipokuwa na kitanzi, na ulipomwangukia mapajani ulijikunja kana kwamba unatafuta njia ya kurudi ulikotoka.

Nikasimama. Nimewapikia chai madereva wa malori, nimechuma kahawa ya watu, nimeuza samaki wakavu, nimelala katika miji ambayo majina yake sikujali kuyauliza, na si vitu vingi vinavyonisimamisha njiani. Yule mama akaniuliza kama nanunua. Nikamwambia naangalia tu. Harufu ya sufu iliyokaa na jasho la mtu na vumbi la miaka ikanipanda puani, na mara nikawa mtoto tena, nimelala mkekani kule Mulanda, homa imenishika, na mlangoni kuna mtu amenipa mgongo.

Wenzangu wa rika langu waliokulia upande ule wa mpaka wataikumbuka miaka yenyewe, ya serikali ya askari. Sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, si kwa kisu, maana kisu kilipoteza makombo. Na sote, hata sisi wadogo, tulijua kusikia gari kabla halijafika na kukisia kwa mlio wake kama ni la mfanyabiashara au ni la wale wengine.

Tulikaa Busia, upande wa Uganda, katika chumba kimoja cha kupanga. Baba yangu, Owor, alikuwa karani wa mizigo pale mpakani. Asubuhi alivaa sweta la kijani ambalo viwiko vyake vilikuwa vimetokeza kama magoti ya mtoto, na mvua ikinyesha alitupia juu yake kabuti jeusi lenye harufu ya tumbaku na dizeli. Jioni alisoma. Alisoma chochote, hata karatasi iliyofungiwa chumvi, kwa mwanga wa koroboi aliyoitengeneza mwenyewe kwa kopo la mafuta ya kupikia na kipande cha blanketi kwa utambi. Mafuta ya taa yalikuwa adimu kuliko nyama, kwa hiyo taa ile iliwashwa kwa amri yake na kuzimwa kwa amri yake.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuhura, mke wa mwenye malori, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichovuka ukuta. Alifuma vitambaa vya viti kwa sindano ya kroshia, na ndiye aliyemfundisha Mama, nami nikadandia. Sindano zetu zilitoka kwenye spoku ya baiskeli iliyosuguliwa ncha kwenye jiwe hadi ikawa na mdomo mdogo wa ndoana. Bi Zuhura hakuanza kumfundisha mtu kwa kitambaa. Alianza na vyombo vya nyumbani vidogo vya kuchezea, vya ukubwa wa ngumi, vilivyojazwa pamba: kikombe, birika, chungu.

"Ukiweza kikombe," alisema, "unaweza kila kitu yenye tumbo. Hata bwana."

Mama alicheka hadi akapoteza vitanzi vyake.

Mikono yangu bado inakumbuka. Unazungusha uzi kidoleni upate pete. Ndani ya pete unaingiza vitanzi vichache, kisha unavuta mkia wa uzi na tundu la katikati linajifunga kama kitovu. Mzunguko unaofuata, kila tundu unalipa vitanzi viwili, na duara linatanuka. Hicho ndicho kitako. Ukitaka ukuta usimame, unaacha kuzidisha: tundu moja, kitanzi kimoja, unazunguka tu na kuzunguka, na kitu kinaanza kupanda chenyewe mkononi. Ukifika juu unaunganisha viwili kuwa kimoja, mdomo unabana, unasokota pamba ndani kwa kidole, na unaendelea kubana hadi tundu linafunga.

"Wewe Athieno, usinyonge uzi kama unanyonga kuku," Bi Zuhura alinigombeza. "Wacha ipumue."

Lile tundu la mwisho sikulipenda. Kabla halijafunga, unachungulia na kuona pamba, unajua ni pamba. Likishafunga huoni tena, na nilihisi kile kitu kimeanza kunitazama. Nilimwambia Mama. Akasema nimekula muhogo mwingi.

Wale wengine walikuja mchana, watu wakiwa wanakula. Lilikuwa gari dogo, safi, na nakumbuka nilivyoona ajabu kwamba halikuwa na vumbi. Walivaa mashati ya maua na miwani myeusi. Mimi nilijua Kiswahili cha aina mbili, kile cha Bi Zuhura na kile cha askari, na yule wa kwanza alipofungua kinywa nilijua ni kipi.

"Wewe ndiyo Owor?"

"Ndiyo, afande."

"Kuja. Nakwenda na sisi kidogo tu, narudi saa hii hii."

Baba aliinama kutafuta viatu vyake.

"Viatu ya nini?" yule wa pili aliuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayempunguzia mwenzake kazi. "Wewe hapana tembea. Gari ndiyo natembea."

Baba akasimama. Alitazama ukutani yalipotundikwa kabuti na sweta, akamtazama Mama, kisha mimi. Akasema, kwa sauti ya kila siku, "Athieno, usiwashe taa mpaka nirudi." Akatoka bila viatu. Sikusikia mlango wa gari ukifungwa. Nilisikia kifuniko cha nyuma.

Nilidhani alizungumzia mafuta. Giza lilipoingia nilikaa mbele ya ile koroboi na kumkataza Mama asiiguse, na Mama hakuigusa.

Kulia hakukuruhusiwa. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini kumlilia mtu aliyechukuliwa na serikali ilikuwa sawa na kuishtaki serikali, kwa hiyo Mama alilia akiwa ameuma upindo wa kanga. Alikwenda kuuliza, akarudi bila kutuambia aliuliza wapi. Siku alipokwenda mbali zaidi, hadi Tororo, nikiwa naye, tulirudi tukakuta kufuli geni kwenye mlango wetu na mtu tusiyemjua ameegemea ukuta. Hatukusimama. Tulizunguka kwa nyuma, na Bi Zuhura akatupitishia juu ya ua furushi alilowahi kuokoa: kabuti, sweta, viatu, shati, sindano ya spoku, na bonge dogo la uzi wa rangi ya chungwa alilokuwa ameletewa kutoka upande wa Kenya.

"Mama Athieno, nenda kwa wakwe zako," alinong'ona. Nilikuwa sijawahi kumsikia akinong'ona. "Hii mji imeota masikio."

"Na taa?" niliuliza.

"Taa gani tena, mtoto wewe? Kimbieni!"

Mulanda kulikuwa kwao Baba. Aliyekuwa mkuu wa boma ni kaka yake, tuliyemwita Baba Mkubwa, mtu mpana, mwoga wa mvua na wa maneno ya watu. Lakini mwenye nyumba tuliyolala alikuwa Nyanya, mama yao, mwanamke mrefu mkavu aliyevuta sigara kwa namna ya wanawake wazee wa kule, upande wenye moto ukiwa ndani ya kinywa. Kwa mtoto wa mjini lilikuwa jambo la kutisha. Alifunga midomo juu ya moto, mashavu yakabonyea, na moshi ukatoka puani kana kwamba unatoka kwenye nyumba inayoungua polepole. Hakulia alipotuona. Alichukua kabuti la mwanawe, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akaniita "mke mwenzangu," kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu, akaniuliza Baba alisema nini alipokuwa anaondoka. Nikamwambia. Aliivuta sigara yake hadi ikaisha.

Mwaka ukapinduka, na mambo ya boma yakaanza kwenda kombo. Ng'ombe wa Baba Mkubwa alifia zizini. Mkewe aliharibu mimba. Radi ilipiga mti jirani na ghala. Baba Mkubwa alikusanya wazee, wakasema maneno niliyoyasikia nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko: Owor amekufa, hana nyumba ya kulala, anazunguka akidai. Kwetu, mtu aliyefia kusikojulikana huzikwa kwa yago, lile tunda la mvungunya, refu na zito kama mkono wa mtu mzima. Huvishwa nguo yake, hulazwa kaburini, huitwa kwa jina lake, na jambo linakwisha.

Linakwisha kweli, na hapo ndipo palipomtisha Mama. Aliyezikwa kwa yago amekufa. Hata akitokea kesho kwa miguu yake, akiwa na uhai na njaa, hapokelewi. Hapiti mlango wa nyumba yake, mkewe hampikii, watoto wanamkimbia, maana anayesimama pale si yeye tena. Mama aliwaambia wazee mume wake yu hai hadi atakapomwona maiti. Walimsikiliza kama watu wanavyoisikiliza mvua.

Yago likaletwa. Baba Mkubwa mwenyewe alilibeba begani, akalilaza kwenye mkeka katika chumba chetu, likavishwa shati la Baba na kuwekewa viatu vyake miguuni, yaani pale ambapo miguu ingekuwa. Likishaingia bomani halitoki ila kwa kuzikwa. Nililala chumba kimoja nalo. Kifua chake kilikuwa kimejaa shati sawasawa.

Asubuhi yake Nyanya alizungumza mbele ya wote.

"Mtamzika," alisema. "Lakini mwanangu hamtamlaza gizani. Alikuwa mtu wa taa."

"Mama," Baba Mkubwa alisema, "lini tumezika mtu na taa?"

"Lini mmezika mtu aliyechukuliwa na gari?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akajikuna kidevu na kusema hajawahi kusikia jambo hilo, lakini mwenye kuzaa ndiye mwenye neno.

"Basi nitanunua koroboi sokoni Kirewa," Baba Mkubwa akasema.

"Chuma? Uweke chuma juu ya yago? Unataka alale au unataka kumpiga?" Nyanya alimgeukia Mama kwa mara ya kwanza. "Huyu ana vidole vya mjini. Nimemwona akifumafuma na huyu mtoto. Alifumue sweta la mumewe, amtengenezee taa ya uzi. Ikikamilika, mzikeni. Isipokamilika, mtu asiguse jembe."

Mama alimchukia kwa neno lile. Viatu vilikuwa viatu, na shati lilikuwa limekwisha kuvalishwa tunda, lakini sweta bado lilikuwa na viwiko vya Baba. Alikaa nalo mapajani asubuhi nzima. Kisha alitafuta mwanzo wa uzi shingoni, akaukata, akavuta, na mume wake akaanza kupungua mstari kwa mstari. "Amenifanya nimvue nguo kwa mkono wangu," aliniambia. Mimi nilishika mpira wa uzi na kuuzungusha, nao ulikuwa na yale mawimbi.

Tukaanza taa. Kitako, duara. Kisha ukuta, tundu moja kitanzi kimoja. Mama hakuwa na sababu ya kuharakisha, lakini hakujua kufuma polepole, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Alipofika nusu ya kopo, aliweka kazi kikapuni akaenda shambani kuchuma pamba. Aliporudi, kulikuwa na kitako tu, na uzi uliobaki umelala juu yake kama tambi.

Alidhani ni kuku. Kisha alidhani ni mimi, akanifinya. Akaanza tena, akaficha kikapu juu ya dari. Taa ikapanda hadi mabegani, ikafumuliwa. Akakificha ghalani, chini ya mtama. Ikafumuliwa. Uzi ule ulichoka, ukaota manyoya, ukakatika na kufungwa mafundo. Na mkekani yago lilikuwa likikauka. Shati lilianza kulipwaya. Mimi niliona kwamba kila taa ilipofumuliwa Baba naye alikonda kidogo, na niliyaona mambo haya mawili kuwa moja.

Mama alikuwa mtu wa kanisani, hakuamini vivuli vya wafu. Lakini nilimwona siku moja akikiwekea kikapu Biblia juu yake. Tulirudi kutoka kisimani, Biblia imewekwa pembeni kwa heshima, na taa imefumuliwa.

Halafu nikashikwa na homa. Ilikuwa saa ya jua kali, wakati ambapo hata jogoo hunyamaza, na boma lote lilikuwa shambani. Nililala kwenye mkeka wangu, yago kwenye wake. Nilisikia meno yangu yakigongana. Nilipofumbua macho, kabuti la Baba halikuwa kwenye msumari.

Lilikuwa limeketi mlangoni. Lilinipa mgongo, limeinama kidogo kama Baba alivyoinama aliposoma, na kola imesimamishwa hadi juu ya masikio. Nje mwanga ulikuwa mweupe hadi sikuweza kuona kichwa. Nilichokiona ni kiwiko cha kulia kikienda mbele na kurudi, mbele na kurudi, bila haraka, na nilisikia ule mlio mdogo wa kitanzi kikiachia kitanzi kingine: tk, tk, tk. Harufu ya tumbaku ilijaa chumbani. Nilitaka kumwambia kwamba sijawasha, kwamba tangu siku ile sijawasha taa yoyote, hata hapa kwa Nyanya nililala gizani kwa ajili yake. Ulimi haukunyanyuka. Kabuti likatulia, kama mtu anayesikiliza. Halikugeuka. Nikafumba macho, na nilipoyafumbua lilikuwa kwenye msumari wake, likining'inia, na mkono mmoja ukiyumba bado.

"Baba alikuja," nilimwambia Mama aliporudi. "Alikaa pale. Ndiye anayefumua."

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka pamba na udongo. "Usiliseme hilo popote. Umesikia? Popote." Kisha akaenda kwenye kabuti, akalinusa, na akaketi chini.

Nadhani ndipo alipokata tamaa. Sijui kama alianza kuamini kwamba ni maiti anayesumbuka, au alichoka tu kuwa mke asiye na mume na mjane asiye na kaburi. Baba Mkubwa naye alikuwa ameanza kusema wazi kwamba kuna mwanamke anayechezea ukoo. Mama aliomba siku itajwe, na jioni ya mwisho aliifuma taa kwa mkao mmoja, Nyanya akiwa amekaa karibu akivuta moto wake. Kitako, ukuta, mabega. Mama akasokota pamba ndani. Akabana mdomo. Nilitazama tundu likifunga. Kwa ule uzi wa rangi ya chungwa akafuma ulimi mdogo wa moto, akaushonea juu, na taa ikasimama kifuani pa yago, ya kijani yenye mafundo mafundo, na moto wake usiotikisika. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa koroboi ya Baba kabisa, ila ndogo, kama unaiona kutoka mbali.

Asubuhi wanaume walichimba. Hawakuwa wengi, maana mkusanyiko ungeuliziwa na askari. Wanawake walikwenda kuteka maji, Mama akiwa nao. Mimi nilikuwa bado dhaifu, nimewekwa kwenye jua kando ya jiko. Nyanya aliingia ndani na kutoka, akaingia na kutoka, kama mwenye nyumba, na nani humtazama mwenye nyumba? Wazee walipoingia kumbeba Owor wao, walisimama mlangoni, na wa nyuma wakawagonga wa mbele.

Juu ya shati kulikuwa na fungu la uzi wenye mawimbi na donge la pamba. Moto haukuwepo.

Baba Mkubwa alitoka na lile fungu mkononi, na alipomwona Mama analeta mtungi, alilitupa miguuni pake.

"Wewe mwanamke! Utatuzungusha hadi lini? Unafuma mbele ya watu, unafumua nyuma ya watu! Unataka ukoo mzima uishe ndipo ufurahi?"

"Shemeji, mimi nilikuwa kisimani. Hawa wote—"

"Mchawi ana miguu mingapi? Funga vitu vyako urudi kwenu. Leo. Na huyu mtoto anabaki, ni wa ndugu yangu."

Mama aliuacha mtungi ukaanguka. Maji yakanifikia miguuni, na nadhani baridi yake ndiyo iliyonifungua ulimi.

"Ni Baba," nikasema. "Si Mama. Ni Baba anafumua. Nilimwona. Alivaa kabuti, akakaa mlangoni, akavuta uzi. Alisema taa isiwashwe mpaka arudi."

Mzee mmoja akaanza kuvua kofia, akaishia katikati. Baba Mkubwa alinitazama, akamtazama mama yake, na uso wake mpana ukawa wa mtoto.

"Mama," alisema, "huyu anasema nini?"

Nyanya alitoa sigara kinywani, akaigeuza, akautazama moto wake kana kwamba anauuliza. "Mtoto hana uongo wa namna hiyo," alisema. "Mnaona taa haina moto. Mwenyewe amekuja akauchukua. Amekataa. Au mnataka kumfunika mtu anayekataa?"

Hakuna aliyetaka. Walifukia shimo likiwa tupu, haraka, wakitazama nyuma. Yago walilivua shati na viatu, na ingawa haliruhusiwi kutoka bila kuzikwa, Baba Mkubwa alilibeba kwa mikono iliyonyooshwa mbele hadi kinamasini na kuliachia humo. Lilikuwa limekuwa jepesi, alisema baadaye, jepesi mno. Mama hakufukuzwa. Hakuna mtu aliyemgusa tena mke wa Owor, wala kutaja kumzika Owor, mwaka ule wala mingine.

Serikali ya askari ilianguka, na askari wengine wakapita barabarani wakiimba. Kwa muda watu walirudi mmoja mmoja, wengine kutoka Kenya, wengine kutoka mahali wasipopasema. Baba hakuwa miongoni mwao. Mimi niliacha shule, karo haikuwepo na miguu ilikuwa inawasha, nikaanza kwenda: Busia kwanza, kisha kila mahali. Siku hizo zote nilijua kwamba baba yangu alikuja akakaa mlangoni. Katika stendi na vituo vya malori nimetazama migongo ya wanaume wengi. Nimewahi kumfuata mmoja mtaa mzima kwa sababu ya kola.

Nilirudi Mulanda Nyanya alipofariki. Alikuwa ameagiza azikwe na kabuti la mwanawe. Mama, ambaye kwa miaka ile yote alimpikia mama mkwe wake na kumtumikia bila kumpa neno moja la ziada, ndiye aliyemwosha na kumvisha, nami nikimsaidia. Kwetu mtu haendi na kitu mfukoni. Mifuko hugeuzwa nje. Mama akaingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa makombo ya tumbaku. Akaingiza mkono mfuko wa kushoto, akasimama hivyo, mkono ukiwa ndani.

Alipoutoa, kiganjani palikuwa na ulimi mdogo wa uzi wa rangi ya chungwa, umebanwa na miaka ukawa bapa kama jani.

Sikuelewa mara moja. Mama alielewa. Alimtazama yule marehemu aliyelala na midomo imefungwa kana kwamba bado ana moto ndani, na mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Huyu mama!" alisema. Alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka. "Huyu mama! Na mimi nikafuma! Na kila siku nikafuma upya!" Akaketi kitandani kando yake, akamshika mkono, jambo ambalo sikumwona akilifanya alipokuwa hai. "Kufumua hakufundishwi, Athieno. Ni kuvuta tu."

Niliuliza kwa nini Nyanya alivaa kabuti. Mama hakujua. Pengine alitaka nimwone, akijua nitasema. Pengine ni mzee tu aliyemtamani mwanawe na akalivaa kila aliposikia boma limenyamaza. Nami nimebaki na mambo mawili yasiyopatana: najua ni Nyanya niliyemwona mlangoni, na bado, nikiikumbuka ile harufu, aliyeinama pale ni Baba.

"Tuuweke wapi?" niliuliza juu ya ule moto.

Mama aliurudisha mfukoni, akafunga kifungo.

"Aende nao. Amtafute huko." Alinyoosha kola ya kabuti, polepole, pande zote mbili. "Na akimkosa kwa wafu, atajua kwamba aliposema mwanawe amekataa, alikuwa amesema kweli."

Hadi leo, kati ya kaburi la Nyanya na la Baba Mkubwa pana nafasi ya mtu mmoja. Nyasi zake hukatwa kama kwingine. Hakuna anayepanda kitu pale, hata muhogo.